Kaka Asajile na Safari ya Kwenda Nyumbani

Tangu turudi kutoka Dar nimesimulia habari hii sokoni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga na nje ya kanisa, na kila ninaposimulia anatokea mtu katikati anataka nianze upya. Mchungaji akaniambia, "Atupele, andika, upumzishe koo." Basi naandika. Mambo ya rufaa na vyeti nayaacha, hayana utamu. Naanzia kwenye basi.

Kwa asiyemjua, Kaka Asajile ni kaka yangu wa pekee, tumebaki wawili. Ndiye mwalimu wa kwaya yetu hapa Tukuyu tangu nikiwa msichana. Mkewe, wifi yangu Tumpe, alifariki miaka michache iliyopita, na baada ya hapo kaka alizidi kuimba badala ya kunyamaza. Nyimbo zake zote zikawa za mbinguni. Kisha ukamtoka uvimbe shingoni, ukakua, sauti ikaanza kukwaruza, akakonda. Hospitali ya hapa wakatuambia twende Dar wakapime vizuri, na yule daktari alivyokuwa anakwepa kunitazama nilielewa anawaza nini.

Kaka naye alielewa. Alirudi nyumbani akafagia uwanja, akagawa kuku wake.

Tukuyu mpaka Kitonga

Tuliondoka na baridi, kaka kavaa koti zito, mimi nimebeba ndizi za kuchemsha na maparachichi ya kuwapa wenyeji wetu. Tulipita Mbeya, tukapita Makambako, mambo yakienda vizuri, mpaka mlima Kitonga. Hapo lori lilikuwa limelala katikati ya kona, limeziba njia. Magari yakapangana juu na chini hata mwisho hauonekani.

Tukashuka. Jua likatupiga. Abiria wakaanza kumgombeza dereva wetu kana kwamba lori lile aliliangusha yeye. Mama mmoja alikuwa akilia kwa sababu alikuwa anawahi harusi ya mwanawe. Kaka akamkalisha juu ya jiwe, akamenya ndizi, akampa. Akamwambia, kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Mama, hapa pabaya, ni kweli. Lakini angalia watu wote hawa, hakuna hata mmoja aliyeanza kuchimba msingi wa nyumba. Wote tunajua tunakokwenda."

Yule mama akacheka na machozi yake. Mimi sikucheka. Nilijua haongelei Dar.

"Kaka," nilimwambia tulipobaki wawili, "hayo mahubiri yako yananichosha. Kila ukifungua mdomo ni kuondoka. Mimi unaniacha na nani?"

"Sijasema naondoka leo, Atu."

"Kuku umegawa!"

Akachukua ndizi nyingine. Lori lilivutwa jioni, na tukaingia Dar asubuhi ya siku ya pili, tukiwa tumevimba miguu, na yule mama wa harusi akisinzia begani kwangu kama mtoto.

Mbezi mpaka Msimbazi

Stendi ya Mbezi ilitupokea na joto la kumvua mtu koti bila hiari. Tukapanda basi la mwendokasi la Gerezani, tukashuka Msimbazi. Hapo mchungaji alikuwa ametuunganisha na Bi Salha, bibi mmoja Mwarabu ambaye nyumba ya familia yao ina vyumba vya wageni uani. Amezaliwa Kariakoo, wazazi wake walizaliwa Kariakoo, na anazungumza kama maji ya bomba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, karibuni. Huyu ndiye mgonjwa? Mwanangu, koti la nini, unataka kuiva?"

Akatuletea chai ya tangawizi na vitumbua. Akamuuliza kaka anakaa siku ngapi.

"Sijui, bibi," kaka akasema. "Mimi niko njiani tu, nakwenda nyumbani."

Bi Salha akaingia jikoni. Mchana tulipoamka tulikuta kapu limefungwa mlangoni: sambusa, mkate wa kumimina, chupa ya maji. Tukadhani ni ukarimu wa pwani. Tukala. Jioni akaja, akashika kiuno.

"Bado mpo? Si ulisema unakwenda nyumbani? Nimekaanga sambusa za njiani, mnazila kitandani!"

Ilibidi nimweleze ni nyumbani kupi kaka alikokuwa anakusema. Bi Salha akamgeukia kaka, akasema, "Na mimi naomba pepo kila siku, mwanangu. Lakini chakula cha jioni utakula hapa." Akaenda kupika pilau.

Benchi la hospitali

Hospitali wakamkata kaka kinyama kidogo shingoni, wakatuambia turudi baadaye kwa majibu. Tukarudi, wakasema bado. Tukarudi tena, mashine imeharibika. Tukawa watu wa lile benchi, tunajua hata feni ipi inazunguka na ipi inajifanya.

Hapo ndipo tulipompata Eliza. Ni mwanamke wa Feri, anakaanga samaki pale sokoni karibu na kivuko, mikono yake ina madoa ya mafuta ya moto mpaka kwenye viwiko. Alikuwa na uvimbe kwenye titi, naye anasubiri majibu kama sisi. Siku ya kwanza alikaa pembeni akiangalia ukuta. Siku ya pili akamgeukia kaka.

"Mzee, wewe mbona umetulia hivyo? Umepewa dawa gani? Nipe na mimi."

Kaka akacheka. "Sijapewa dawa. Wewe unasali?"

"Nasali. Lakini nikisali usiku, asubuhi woga uko palepale, umeamka kabla yangu."

Nilidhani kaka atamhubiria. Badala yake akamsimulia habari ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau. Tulipokuwa watoto mashine ya kusaga ilikuwa mbali sana na kwetu, na yeye ndiye aliyekuwa anatumwa na debe la mahindi kichwani. Shingo ilikuwa inauma, mvua ya Tukuyu inamnyeshea, njia utelezi mtupu.

"Mzigo haukuwahi kupungua hata kidogo," alisema. "Lakini nilikuwa najua mama amewasha moto, na ananisubiri mlangoni. Basi miguu ilikuwa inakwenda. Siku moja mama alikuwa amelazwa, nikajua nyumbani hakuna mtu. Debe lilelile, njia ileile, nilikaa chini nikalia. Ndiyo maana mimi naishikilia mbingu, dada. Siyo kwamba sijisikii kuumwa. Naumwa. Ila najua nasubiriwa."

Eliza alifuta macho kwa khanga. Halafu akasema, "Nisimulie tena kesho." Na kesho yake alimsimulia tena. Ikawa ndiyo kazi yao, na wagonjwa wengine wakawa wanasogeza masikio. Mimi nilikuwa naenda kununua maji, maana nilikuwa bado nimekasirika. Nilimwona kaka kama mtu aliyekwishakata tamaa na sisi, anatupungia mkono wa kwaheri kwa adabu.

Duka la suti

Siku moja isiyo ya hospitali kaka akasema twende madukani Kariakoo, anataka suti. Nilifurahi. Nikadhani roho imemrudi.

Kariakoo mnaijua kwa kusikia. Mimi niliijua kwa kukanyagwa. Watu wanatembea barabarani, bidhaa ndizo zinazokaa njiani, mikokoteni inakuja nyuma yako inapiga mluzi, na kila kijana anakuita shangazi akitaka ununue soksi. Tuliingia duka moja la vitambaa lenye mafundi wake ndani, mwenyewe ni Mhindi wa makamo, Bwana Kishor, futi la kupimia liko shingoni. Juu ya mlango kulikuwa na shada la maua ya njano mbele ya picha ya bibi kizee.

"Karibu mzee. Suti ya kazini au ya sherehe?"

"Ya kukutana na mke wangu," akasema kaka.

Bwana Kishor akapiga makofi. "Ohoo! Hongera, mzee! Jamani, tuna bwana harusi hapa! Bibi harusi anatoka wapi?"

"Wa kwetu hukohuko. Yeye katangulia."

"Katangulia kufika ukumbini?"

"Katangulia nyumbani."

Wasichana wawili waliokuwa wananunua pazia wakapiga vigelegele. Fundi mmoja akaacha cherehani akaja kumpa kaka mkono. Kaka, mtu wa watu, anapokea pongezi! Nilishindwa kuvumilia.

"Baba, huyu mkewe ni marehemu! Anaongelea suti ya kuzikiwa!"

Cherehani zote zikasimama. Nikaanza kulia palepale mbele ya watu nisiowajua, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nilimwambia kaka mbele yao wote kwamba mimi bado niko hai, kwamba ana dada anayemfulia na kumpikia na kumsindikiza mpaka Dar, na hajawahi hata siku moja kusema anasikitika kuniacha.

Kaka alisimama na mikono yake imening'inia. Kisha akasema polepole, "Atu, kila usiku naomba nibaki. Nilikuwa naogopa kukwambia, nisije nikakupa matumaini halafu nikaondoka. Nikaona bora nikuzoeze."

Sikujua. Miezi yote ile, sikujua.

Bwana Kishor alituletea viti na soda baridi. Aliketi nasi, akaonyesha ile picha yenye maua. "Mama yangu," alisema. "Sisi tunachoma, ninyi mnazika. Lakini sari ya siku ile alichagua mwenyewe, hapahapa dukani, akanigombeza kwa rangi mbaya niliyomletea. Mzee, nitakushonea. Ila kwa sharti moja, uivae ukiwa unatembea kwanza."

Alimpima mwenyewe. Nilisikia anamwambia fundi aongeze upana kiunoni.

"Mbona pana?" kaka akauliza.

"Utanenepa," akasema Bwana Kishor, akaenda kuhudumia wateja wengine.

Siku ya majibu

Kaka aliivaa siku ya majibu, ya rangi ya kijivu, inampwaya kidogo. Eliza alipomwona akapiga mluzi. "Mzee, leo daktari atakuomba radhi!"

Waliitwa karibu wakati mmoja, vyumba viwili tofauti. Niliingia na kaka. Daktari alikuwa kijana, amechoka, anaongea huku anaandika. Akasema, "Mzee, una TB ya tezi."

Nikasubiri neno lenyewe lije. Halikuja.

"Na ile nyingine?" nikauliza.

"Ipi?"

"Saratani."

"Hamna saratani, mama. Ni kifua kikuu cha tezi, hakijaingia kwenye mapafu. Dawa mtachukulia hukohuko kwenu, asiache hata siku moja, atapona. Na sauti itarudi taratibu."

Wapendwa, sikuwahi kudhani nitakuja kumkumbatia mtu kwa kuniambia ndugu yangu ana TB. Nilimkumbatia yule daktari mpaka kalamu ikaanguka. Nilicheka, nikaimba, nikaomba msamaha, nikamkumbatia tena. Kaka alikaa tu. Alitazama mikono yake, akaipindua. Kisha akasema, "Na kuku nimegawa."

Tulitoka tukimtafuta Eliza tumpe habari. Benchi lilikuwa tupu. Muuguzi akasema ametoka zamani, ametoka peke yake, hakuaga mtu. Kwa jinsi muuguzi alivyosema, hatukuuliza zaidi.

Feri

Asubuhi yake kaka hakutaka kitu kingine ila kwenda Feri. Njiani alikuwa kimya, na nilipomuuliza ana nini akasema, "Sasa nitamwambia nini? Tulikuwa kwenye foleni moja. Mimi nimetolewa."

Feri kuna moshi, kelele za mnada na maji ya samaki yanayoingia kwenye viatu. Tulimkuta upande wa wakaangaji, amesimama mbele ya karai, anageuza vibua. Amejifunga khanga safi. Alipotuona hakuacha kugeuza.

"Umekuja kazini?" nilimuuliza, maana sikupata la maana.

"Nikae nyumbani nifanye nini, dada? Nitazame dari?" Akatoa samaki, akatikisa mafuta. "Wanasema imeshatembea mwilini. Watanipa dawa, lakini imeshatembea. Na wewe mzee?"

Kaka alimwambia ukweli. Eliza alisimama akiwa ameshika kijiko, na usoni pake nikaona vitu viwili vinagombana. Kisha akasema, "Mungu ni mwema. Kweli nimefurahi." Alifurahi, niliona. Ila baadaye kidogo akauliza, "Yale uliyokuwa unaniambia kwenye benchi. Bado unayaamini, au yalikuwa ya wakati ule?"

Sijawahi kumwona kaka anatafuta maneno. Mwalimu wa kwaya hutoa maneno kama mtu anayechota maji. Pale alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali yake inaloa.

"Nimefurahi kubaki," alisema mwishowe. "Sikudanganyi. Jana usiku nilifurahi mpaka nikaona aibu kwa ajili yako. Lakini nayaamini. Kama ningekuwa nimeyashona kwa ajili ya ugonjwa, leo ningeyavua. Nimejaribu, hayavuliki. Tumpe wangu bado yuko kule. Mama yangu bado yuko kule. Na wewe unasubiriwa, Eliza, uende mapema uende umechelewa."

"Naogopa maumivu, mzee. Kufa siogopi sana."

"Yaogope. Hata mimi niliyaogopa. Hujakosea kitu."

Hapo ndipo alipolia, na mimi nikamshikia kijiko, nikageuza vibua vyake, vingine nikaviunguza. Mteja mmoja akalalamika. Eliza akamgeukia huku machozi yanamtoka, "Kaka, kula, mkaangaji ni mgeni!" Tukacheka wote, na yule mteja naye.

Kabla hatujaondoka kaka alimwomba kitu. "Ukifika kabla yangu, nisalimie Tumpe."

"Nitamjuaje kwenye umati wote ule?"

"Anacheka kabla hujamaliza kusema. Utamsikia."

Eliza aliahidi. Akatufungia samaki kwenye gazeti. Ninaongea naye kila wiki kwa simu. Dawa zinamchosha, lakini karai lake bado liko motoni siku anazoweza, na shoga yake humshikia siku asizoweza.

Kurudi

Tuliporudi kwa Bi Salha, kaka alijilaza barazani na akalala usingizi ambao sikuwa nimeuona kwake tangu auguliwe na mkewe, mdomo wazi, anakoroma. Nikatoka kwenda madukani Kariakoo kununua zawadi. Nikiwa katikati ya watu nikampigia Mama Gwakisa, msaidizi wake wa kwaya. Kelele zilikuwa nyingi, nikawa napaza sauti.

"Msiwe na wasiwasi tena! Kaka amepumzika! Kesho naanza safari ya kurudi naye!"

Nilitaka kuongeza habari ya daktari. Mkono ukapita shavuni kwangu, simu ikaenda. Nilimwona tu mwizi mgongo, na mgongo wenyewe ulipotea kati ya mabegi ya shule. Namba zote zilikuwa humo, na kaka simu yake aliiacha nyumbani. Nikajiambia si neno, habari njema imeshafika.

Safari ya kurudi ilikuwa nyepesi. Kitonga hapakuwa na lori. Tulishuka Tukuyu mvua ikinyunya, tukachukua bajaji. Tulipomtajia dereva tunakokwenda akapunguza mwendo.

"Mnakwenda msibani kwa mwalimu Asajile?"

Kaka akajibu kutoka nyuma, "Ndiyo."

"Ninyi ni ndugu zake?"

"Wa karibu sana."

"Poleni."

"Asante, mwanangu," kaka akasema.

Wengine wenu mlikuwepo, mnajua yenu. Mimi niliona hivi. Turubai uwanjani kwa kaka, mafiga, masufuria makubwa, wanaume wamejitanda makoti wakisubiri mwili. Kwaya imesimama mlangoni inaimba wimbo wa maziko aliowafundisha yeye mwenyewe. Kaka akashuka kwenye bajaji akajinyoosha mgongo. Mama Gwakisa alimwona wa kwanza. Sauti yake ilipanda mahali ambapo wimbo haupandi, kisha akakaa chini kwenye tope. Wengine walikimbilia migombani. Mzee mmoja wa kanisa alisimama imara, lakini alikuwa ameshika kiti mbele yake kama ngao.

Nilikuwa nalia na kucheka, napiga kelele, "Nilisema amepumzika! Amelala usingizi!"

Walipomgusa na kumminya na kuhakikisha ana joto, kaka aliketi kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, akawatazama wanakwaya.

"Mbona mmeacha? Malizieni."

"Mwalimu," Mama Gwakisa akasema, akijifuta tope, "huu ni wimbo wa msiba."

"Ni wimbo wa mbinguni. Mimi sijafa, lakini mbingu ipo palepale. Kuanzia ubeti wa tatu."

Wakaimba. Waliimba vibaya, kila mtu na sauti yake, wengine wanapenga kamasi, wengine wanacheka, na kaka akaingia na besi yake iliyokwaruza kama bawaba ya mlango. Na mimi, ambaye kwa miezi mingi nilikuwa nafunga mdomo kila wakianza nyimbo hizo, niliimba mpaka koo likauma.

Baadaye vijana walikuja kumwonyesha, kwa aibu, kaburi walilokuwa wamelichimba nusu kando ya la wifi Tumpe. Kaka aliinama akachungulia ndani, akawashukuru kwa kazi nzuri.

"Fukieni kwa sasa," alisema.

Kisha akatuuliza kama ule wali wa matanga ulikuwa umeiva, maana harufu ilikuwa inamsumbua. Ulikuwa umeiva. Tukala wote, na yeye akaomba aongezewe.